Mkanda wa katuni kuwa video fupi: njia nne zikipimwa kwa mkanda mmoja

Mchoraji mwenye mikanda yake ya katuni, ile ya visanduku vitatu au vinne, hachelewi kuambiwa na watu: "Hizi ungezitia sauti zikatembea, zingefika mbali." Kweli zingefika. Lakini njia za kuzitembeza ambazo mtu mmoja au wawili wenye kompyuta ya kawaida wanazimudu ziko nne, na kila moja ina muda wake wa kula, kipaji chake inachotaka, na namna yake ya kukiharibu kichekesho. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wenzetu wa Unguja na Pemba wanaotaka kuanza na hawajui waanzie wapi.

Nazungumzia katuni za watu wazima, yaani zenye mambo ya watu wazima: ndoa, madeni, kodi ya nyumba, siasa za kijiweni, mke wa pili anayejulikana na mtaa mzima isipokuwa mke wa kwanza. Matusi na uchi havihitajiki, na kwetu vitakufungia milango hata hujaweka video ya kwanza. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha watu wazima kwenye gazeti la Uhuru bila ya kumvua mtu nguo.

Ili tupime kitu kimoja kwa mizani moja, tuchukue mkanda huu wa kubuni. Kisanduku cha kwanza: bwana amekaa barazani na wenzake, kikombe cha kahawa mkononi, mtoto amesimama pembeni: "Baba, mama anakwita." Cha pili: bwana hata hakugeuka: "Mwambie naja." Cha tatu hakina maneno. Watu ni walewale, pahala ni palepale, ila vivuli vimerefuka. Cha nne: mke mwenyewe kasimama, jamvi kwapani, sufuria mkononi, watoto wamejipanga nyuma yake: "Jisogezeni. Tumehamia."

Kicheko chote cha mkanda huu kimejificha kwenye kisanduku cha tatu. Kwenye karatasi, msomaji ndiye anayeamua akitazame kwa muda gani. Wengine hukirukia, wengine hukaa nacho. Kwenye video, saa umeishika wewe. Ukikatiza mapema, mke anatokea kama ajali. Ukichelewa, mtazamaji ameshapandisha kidole na kwenda kwa mwengine. Kwa hiyo njia yoyote utakayoichagua, iulize kwanza inakupa nini kwenye kimya hicho, halafu ndiyo uiulize habari ya midomo na mikono.

Picha zilezile, kamera ndiyo inayotembea

Hii ndiyo nyepesi. Unaiskani michoro yako kwa ubora mkubwa (chini ya nukta 300 kwa inchi usishuke), unawakata watu wawe tabaka la mbele na ukuta na mlango viwe tabaka la nyuma, halafu unavisogeza kwa kasi tofauti ili jicho lione kina. Krita na GIMP ni za bure kwa kukata, DaVinci Resolve ina toleo la bure la kuunganishia, na wapo wanaomaliza kazi yote kwenye simu kwa CapCut. Mkanda kama wetu, wenye visanduku vinne, ni kazi ya siku moja au mbili kwa mtu asiyekuwa na haraka.

Faida yake kubwa ni kwamba mkono wako unabakia. Mstari uliotetemeka, wino uliomwagika kidogo kwenye kofia, jicho moja kubwa kuliko jengine, vyote vinaingia kwenye video kama vilivyo. Kama watu wanakufuata kwa sababu ya uchoraji wenyewe, usiende njia nyengine. Na kile kisanduku cha tatu hapa ndipo kinapong'ara: unakiacha picha moja, sekunde tatu au nne, kivuli kinarefuka polepole ukutani, basi.

Udhaifu wake unaonekana pale mtu anapoanza kusema. Sauti inatoka, uso umeganda. Sentensi moja fupi inavumilika, mbili unaanza kuhisi unasikiliza redio yenye picha. Ukiwa na mikanda ya maneno mengi, ya wazee wawili kubishana juu ya bei ya karafuu kwa mfano, njia hii itakuchosha wewe na watazamaji.

Halafu kuna suala la viputo vya maneno. Wengi huviacha kwenye picha na bado wakatia sauti juu yake. Matokeo yake macho yanasoma "Tumehamia" kabla ya mke hajafungua mdomo, na kicheko kinafika kabla ya sauti. Chagua kimoja. Ukiweka sauti, futa viputo, na maandishi ya chini yatokee sentensi kwa sentensi pamoja na msemaji. Ukiweka viputo, acha sauti za watu, weka sauti za mahala tu. Chaguo hili la pili si baya hata kidogo, maana video nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp watu huzitazama wakiwa daladalani au kazini na sauti wameizima.

Karagosi la vipande

Hapa unamchora mhusika upya mara moja, kwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono iliyokatwa kwenye kiwiko, macho, nyusi, na midomo kadhaa ya kubadilisha. Ukishamjenga, humchori tena. Unamsogeza. OpenToonz ni ya bure tangu 2016, Blender nayo ni ya bure na ina zana zake za kuchora, Synfig vilevile. Moho ni ya kulipia na wengi huiona rahisi zaidi kwa kazi hii. Kujenga mhusika wa kwanza kunaweza kula wiki nzima. Baada ya hapo, video ya sekunde 40 ni kazi ya siku tatu au nne, na kila kipindi kinachofuata kinapungua kwa kuwa baraza lipo, mlango upo, bwana yupo na mkewe yupo.

Na hapa mavazi yetu yanatusaidia kuliko wanavyojua wanaofundisha mambo haya kwenye video za Marekani. Sehemu ngumu kuliko zote katika karagosi la vipande ni miguu: magoti, nyayo zinazoteleza, mtu anayetembea kama anayeserereka kwenye barafu. Mvishe kanzu, au baibui, miguu imeondoka! Unabakisha vidole vya viatu vikichungulia chini ya pindo na mwili unayumba kidogo kushoto na kulia. Na nusu ya wahusika wetu wamekaa barazani, hawaendi popote.

Kiswahili nacho kinakurahisishia midomo. Irabu ni tano, a e i o u, na kila moja inatamkwa kama ilivyoandikwa. Tia mdomo uliofungwa kwa ajili ya m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa ajili ya f na v, umemaliza karibu mahitaji yako yote: midomo saba. Ipo programu ndogo ya bure, Rhubarb Lip Sync, inayosikiliza sauti na kukupangia midomo; ina namna ya kusikiliza kwa ajili ya lugha zisizokuwa Kiingereza, na hiyo ndiyo ya kuiwasha. Itakosea hapa na pale, utarekebisha kwa mkono, lakini sehemu kubwa ya kazi itakuwa imekwisha.

Ubaya wake ni ukavu. Mchoro uliokuwa hai kwenye karatasi unaweza kugeuka sanamu ya mbao. Bwana wetu anayesema "Mwambie naja" bila ya kugeuka anatakiwa awe na bega moja lililolegea kwa dharau, na bega hilo kwenye karagosi halitoki lenyewe. Ni lazima ulichore kama kipande cha ziada. Kosa la wengi ni kuzidisha mwendo. Kwa kuwa sasa mikono inaweza kusogea, basi inasogea wakati wote, nyusi zinapanda na kushuka, na kisanduku cha tatu kinajaa watu wanaokuna vichwa. Kwenye kimya, wagandishe. Kope moja ifumbe na kufumbua, inatosha.

Inafaa utazame walivyofanya wengine waliotoka kwenye mkanda kwenda kwenye video. Cyanide & Happiness ilianza mtandaoni 2005 kama mikanda ya watu waliochorwa kwa urahisi mno, kichwa duara na mwili usiokuwa na mambo. Walipohamia kwenye video fupi za mtandaoni, urahisi ule ule ndio uliowawezesha kutoa nyingi, na 2013 mashabiki wao waliwachangia kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, zaidi ya dola 770,000. Upande wa pili yupo Aaron McGruder: mkanda wake, The Boondocks, uliingia magazetini 1999 na kuwa katuni ya televisheni 2005, kwenye Adult Swim, kituo cha Marekani cha katuni za watu wazima. Michoro ile ina nywele, nguo, vivuli na mapigano. Ilihitaji pesa za televisheni na studio za Korea Kusini. Michoro yako ikiwa inafanana na ya pili, ama uipunguze mistari kabla ya kuikata vipande, ama urudi njia ya kwanza.

Kuchora fremu kwa fremu

Hesabu yenyewe inajieleza. Filamu ni fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Wachoraji huchora moja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Sekunde 40 ni michoro 480. Mtu akichora 30 kwa siku bila ya kuugua wala kualikwa harusini, ni siku 16 kwa kichekesho kimoja cha mke aliyehamia barazani.

Ni njia nzuri kuliko zote, na sikushauri uifanye peke yake. Itumie kama chumvi, kwa tendo moja: jamvi linapotandazwa kwa kishindo kwenye kisanduku cha nne, na vikombe vya kahawa kuruka. Sekunde moja, michoro kumi na mbili, na watu wataikumbuka hiyo.

Karagosi linalofuata uso wako

Unakaa mbele ya kamera, programu kama Adobe Character Animator inasoma uso wako, na mhusika anafumba unapofumba. Ni haraka sana kwa mhusika mmoja anayezungumza na watazamaji, mathalan bibi anayetoa maoni juu ya habari za wiki. Kwa mikanda siipendekezi. Kichekesho cha visanduku vinne kinategemea saa iliyopimwa kwa mkono, na hapa saa inategemea ulivyoamka siku hiyo. Gado, mchoraji wa magazeti aliyezaliwa Dar es Salaam, alipotaka vinyago vyake vizungumze alikwenda mbali zaidi: The XYZ Show ya Kenya, iliyoanza 2009, ilitumia vikaragosi vya mpira vinavyoshikwa na watu. Kazi ile ni ya timu nzima na bajeti ya televisheni.

Kuhusu akili mnemba inayotengeneza video kwa maandishi, sitakaa sana. Kwa mkanda wenye wahusika wa kudumu, tatizo ni mfanano: kofia ya bwana ina darizi moja hapa na nyengine sekunde tano mbele. Watu wa hapa hawakosi kuiona kofia iliyobadilika.

Sauti

Njia zote nne, isipokuwa ile ya viputo bila sauti, zinasimama au kuanguka hapa, na ajabu ni kwamba hapa ndipo wachoraji wanapotoa muda mdogo kuliko kote.

Rikodi sauti kwanza, ndipo uhuishe, yaani uitie michoro mwendo. Kwenye karatasi umezoea kuchora halafu ukaandika, pindua. Wakusanye wasemaji wawili wakae wakitazamana na wajibizane kwelikweli, usiwarikodi mmoja leo na mwengine Ijumaa, maana ubishi hauunganishwi kwa mkasi. Na lahaja iwe ya mwenyewe. Bibi wa Makunduchi asemewe na mtu wa Makunduchi, Mpemba asemewe na Mpemba. Mtu wa Mjini anayemuigiza Mpemba kwa ajili ya kuchekesha hupata kicheko cha kwanza, na mara ya pili watu wa Wete na Chake wameshakuzima, wana haki.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na vyumba vya zege vya Ng'ambo vyote vina mwangwi. Simama na msemaji kwenye kona, zungusha magodoro mawili, zima feni na friji, simu iwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni na kidogo pembeni ili pumzi isiipige. Kunguru ni wageni walioletwa mwishoni mwa karne ya 19, lakini sasa wao ndio wenye mji, rikodi usiku. Halafu toka mchana uwarikodi hao kunguru peke yao, utawahitaji kwenye kisanduku cha tatu.

Kisanduku hicho, kwa sauti, kina hatari moja. Njia rahisi ya kuonyesha kwamba wakati umekwenda kutoka alasiri hadi magharibi ni kuweka adhana. Usifanye. Ndani ya kichekesho itawaudhi watu, na watakuwa sawa. Tumia muuza kahawa: mlio wa vikombe vyake vinavyogongana, anapita, anapotea, kimya, kisha anapita tena akielekea upande wa pili. Kila mtu aliyekaa barazani ataelewa saa ngapi zimepita.

Wenye sauti nzuri na uchoraji wa wastani wana mlango mwengine. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kisa cha wakati ule kinaweza kuwa kioo cheusi, jozi mbili za macho, na watu wakizozana nani kaimaliza mafuta ya taa. Hakuna njia rahisi zaidi ya kuhuisha, na ni mzaha ambao watoto wa leo hawaujui, wazazi wao ndio watakaoucheka.

Umbo na pahala pa kuiweka

Mkanda wa gazetini umelala; simu imesimama. Kisanduku cha mraba kinaingia vizuri kwenye video ya wima ya 1080 kwa 1920: mraba wa 1080 unakaa katikati na juu na chini panabaki nafasi ya maandishi. Baraza refu la wazee watano haliingii, utalazimika kuwakata wawili-wawili. Kwa karagosi la vipande hilo ni rahisi, kwa picha zilizoskaniwa mara nyengine unakuta umemkata mtu sikio. Kama unaanza kuchora mikanda mipya leo, ichore kwa visanduku vya mraba tangu mwanzo.

YouTube sasa inakubali Shorts, zile video zake fupi za wima, hadi dakika tatu, tangu Oktoba 2024. Jambo la kuangalia zaidi ni ile alama ya hadhira: tangu 2020 kila anayeweka video analazimika kueleza kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto au la. Katuni hudhaniwa za watoto haraka sana, na ikichukuliwa hivyo maoni yanafungwa na matangazo yanapungua. Weka alama kwamba si ya watoto. Kuifungia umri wa miaka 18 ni jambo jengine kabisa. Fanya hivyo pale tu maudhui yanapodai, maana video ya namna hiyo haionekani na asiyeingia kwa akaunti na matangazo yake huwa haba. Na malipo usiyategemee mapema: mgao wa matangazo unataka wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video za sekunde 40 hazikusanyi saa, kwa hiyo hesabu yako ni ile ya pili.

Upande wa sheria, zipo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na zina orodha ya yaliyokatazwa inayofaa kusomwa kabla ya kumchora kiongozi. Sanaa na ukaguzi wa filamu hapa Zanzibar viko chini ya BASSFU, baraza la sanaa, sensa, filamu na utamaduni. Nenda ukaulize kazi yako inaingia wapi. Kama mchoraji ni mmoja na mhuishaji ni mwengine, andikianeni: wahusika ni wa nani, na nani anaweza kuwauza. Hata kama ni mtu na shemeji yake. Hasa kama ni mtu na shemeji yake.

Ningechagua nini

Kwa mkanda wetu wa baraza, ningekwenda na karagosi la vipande, kisanduku cha tatu nikakigandisha kama picha, na jamvi peke yake nikalichora fremu kwa fremu. Kwa mikanda ya mchoraji mwenye mstari wa pekee na maneno machache, picha zilezile na viputo vyake, bila ya sauti za watu. Mwenye wahusika zaidi ya sita wanaobadilika kila mkanda asijenge makaragosi kabisa, atamaliza mwaka akijenga. Achague wawili wanaopendwa zaidi na awaache wengine wasikike kutoka ndani ya nyumba.

Na kabla ya kuamua, fanya jaribio lisilogharimu kitu: soma mkanda wako kwa sauti na mtu mwengine, bila ya picha, mbele ya mtu ambaye hajauona. Akicheka, una kazi ya karagosi na sauti. Asipocheka mpaka aonyeshwe mchoro, basi mchoro ndio wenye kichekesho, uskani na usiuguse.